Uvimbe wa kiganja usiokwisha: je, ni kifua kikuu?

Maswali ya mwezi huu yametoka kwa wagonjwa, tabibu na wauza samaki, na yote yanagusa jambo moja: kifua kikuu kinachoshika ala za kano, yaani vile vifuko vyembamba vyenye ute ambamo kano za vidole huteleza. Wanaojibu ni madaktari wa mifupa na wa kifua kikuu.

Madaktari, habari za kazi. Nina miaka 46, ni mshonaji. Tangu mwaka jana nimevimba upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, na sasa kiganja nacho kimejaa. Hapaumi sana. Nilichomwa sindano mbili palepale kwenye uvimbe, ukanywea kwa wiki chache, kisha ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Usiku dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi. Nimeambiwa huenda ni TB. Sijawahi kukohoa, na picha ya kifua ni safi. TB inafikaje mkononi? — Msomaji, Tabora

Mama, inafika kwa njia ya damu. Bakteria huvutwa kwa pumzi, pengine miaka mingi iliyopita, wachache wakachukuliwa na damu na kutua mbali na mapafu. Hukaa kimya hadi kinga ya mwili ilegee, kwa VVU, kisukari, umri au dawa fulani. Kwa hiyo picha safi ya kifua haikuondoi kwenye orodha. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha kano hawana kikohozi wala dalili yoyote mapafuni.

Mahali ulipovimba ndipo ugonjwa huu unapopapenda zaidi. Ala ya kano za kidole cha mwisho na ile ya dole gumba hupanda hadi juu ya kifundo, zikipita chini ya ukanda mgumu ulio mwanzoni mwa kiganja. Ukanda huo haunyumbuki, na ndiyo maana uvimbe hugawanyika: nusu iko juu yake, nusu kiganjani. Daktari akibonyeza nusu ya juu, ile ya chini hutuna. Mara nyingine husikia kitu kikisagika taratibu chini ya vidole vyake. Hizo ni punje nyeupe za protini zinazofanana na mchele, na zinaweza kuwa mamia ndani ya ala moja. Chini ya ukanda huohuo unapita mshipa wa fahamu wa dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ukibanwa ndipo ganzi hiyo ya usiku inapoanza.

Sindano unazozieleza inaelekea zilikuwa za steroidi. Hupunguza uvimbe kwa muda huku zikizima kinga ya mahali hapo, bakteria wakapata nafasi. Usikubali ya tatu. Usikubali pia mtu akunyonye maji kwa bomba la sindano mara kwa mara bila kuyapeleka maabara, kwani tundu hilo laweza kugeuka kidonda kisichofunga.

Hata hivyo, anayekuambia ni TB kwa kutazama tu anabahatisha. Baridi yabisi hufanya hivihivi, na huweza hata kutoa punje za mchele. Ila hiyo kwa kawaida hushika mikono yote miwili, na asubuhi vidole hukakamaa zaidi ya saa nzima. Kuna jongo, kuna uvimbe wa kawaida wa maji, kuna vinyama visivyo saratani vinavyoota kwenye ala. Kinachokata shauri ni kipande cha utando wenyewe. Nenda wiki hii kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mifupa, maana ganzi ikiambatana na nyama ya chini ya dole gumba kusinyaa, nguvu inaweza isirudi yote.

(Kidole kilichovimba ndani ya siku moja au mbili, kimepinda, kina moto, na kukinyoosha ni kilio, ni jambo jingine kabisa. Huo ni usaha wa bakteria wa kawaida, na hutibiwa hospitalini siku hiyohiyo.)

Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Nimepeleka sampuli za wagonjwa wawili wa aina hii, majibu yakarudi "uvimbe sugu, haukubainishwa". Nakosea wapi? — Tabibu, Rukwa

Jambo la kwanza la kuangalia ni chupa. Mara nyingi kipande chote hutumbukizwa kwenye fomalini (dawa ya maji ya kuhifadhia nyama), nayo huua bakteria, hivyo kuwaotesha maabara hakuwezekani tena, na hata GeneXpert, kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya bakteria, haifanyi kazi vizuri kwa nyama iliyokwisha kuhifadhiwa hivyo. Gawa sampuli chumbani mwa upasuaji, kabla hujavua glavu. Sehemu moja iende kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya nyama, kwa ajili ya patholojia, yaani uchunguzi wa nyama kwa hadubini. Nyingine iwekwe kwenye kichupa kikavu kisicho na vijidudu, na matone machache ya salaini (maji ya chumvi) kuzuia isikauke, kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Isiogeleshwe ndani ya salaini.

La pili ni kile ulichokata. Pamba iliyopakwa usaha haina thamani kubwa, na maji peke yake huwa na bakteria wachache mno. Chukua vipande kadhaa vya utando ulionenepa, kutoka sehemu tofauti, pamoja na punje chache. Hata hapo hadubini kwa rangi ya Ziehl-Neelsen mara nyingi haitaona kitu. GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi na kukuonyesha kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, lakini jibu la "hakuna" halifuti ugonjwa. Kuotesha kwenye kimiminika husubiriwa hadi siku 42. Patholojia ikionyesha granuloma (vivimbe vidogo vya seli za kinga) zenye kiini kilichooza kama jibini, na mgonjwa anafanana na picha hiyo, hatuoni sababu ya kusubiri wiki sita ndipo tuanze dawa.

Muulize pia alichomeza kabla. Antibiotiki kama siprofloksasini au levofloksasini ya duka la dawa huwapunguza nguvu bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza, kisha kipimo kinatoka kitupu. Mengine unayajua: VVU, sukari, picha ya kifua, eksirei ya mkono kuona kama mfupa umeliwa, ultrasaundi kuona unene wa ala. Kipimo cha damu cha ESR, kinachoashiria uvimbe mwilini, kisikufariji, kinaweza kuwa cha kawaida kabisa.

Nina miezi miwili kwenye dawa. Jirani yangu mwenye TB ya mapafu kaambiwa miezi sita, mimi kumi na miwili. Uvimbe umepungua kidogo tu, na sasa magoti na mabega yanauma ilhali mwanzo hayakuuma. Niache? — Msomaji, Kilifi

Usiache. Miongozo ya Kenya na Tanzania kwa kifua kikuu cha mifupa na viungo ni miezi miwili ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli), kisha miezi kumi ya rifampisini na isoniazidi. Madaktari wengi huziweka ala za kano kwenye kundi hilo. Wapo wanaotosheka na miezi sita hadi tisa, lakini sisi tukiona mfupa umeguswa au ala imejaa punje, tunamaliza kumi na miwili.

Kuhusu magoti na mabega, mshukiwa wa kwanza ni pirazinamidi, maana huzuia asidi ya yuriki isitoke kwa mkojo. Maumivu hayo hutulizwa kwa dawa ya kawaida ya maumivu na huisha pirazinamidi inapokoma, yaani mwisho wa mwezi wa pili, pale ulipo sasa. Mweleze mhudumu wa kliniki ili asidhani ugonjwa umesambaa.

Hakikisha dozi inaendana na kilo zako. Kidonge kimoja cha mchanganyiko kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Mtu wa kilo 60 humeza vinne kwa mara moja kila siku. Pima uzito kila mwezi, kwani ukinenepa idadi inaweza kubadilika. Mkojo wa rangi ya chungwa si tatizo. Macho ya manjano au kutapika kusikokoma: acha vidonge na ufike kliniki siku hiyohiyo. Ukianza kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, sema mara moja, hiyo ni ethambutoli. Miguu ikiwaka moto, omba piridoksini (vitamini B6).

Rifampisini pia hudhoofisha vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi cha shaba ni salama zaidi. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, huiongezea dozi ya pili ya miligramu 50 kwa siku, hadi wiki mbili baada ya rifampisini kuisha. Uvimbe ukiwa haujatingishika kufikia mwezi wa tatu, rudi upimwe upya. Ama dawa hazimezwi sawasawa, ama bakteria ni sugu, ama si kifua kikuu, ama kuna punje nyingi ambazo kidonge hakiwezi kuzitoa.

Upasuaji ni lazima? — Msomaji, Morogoro

Si kwa kila mtu. Ala iliyojaa maji tu huweza kupona kwa vidonge. Tunapasua kama mshipa wa fahamu umebanwa, kama ala imejaa punje au utando mnene, au kama kano iko hatarini kukatika. Mpasuaji hufungua ule ukanda, huuweka huru mshipa wa fahamu, husafisha punje zote na kuondoa utando mgonjwa, akiziacha kano na pete zinazozishikilia vidoleni. Bila vidonge, upasuaji huu ni kazi bure, ugonjwa utarudi.

Kinachoharibu matokeo mara nyingi ni wiki zinazofuata. Mkono ukifungwa bandeji kubwa vidole vikiwa ndani, kano hugandana. Banzi lishike kifundo tu, kikiwa kimeinama nyuma kidogo, vidole vikiwa huru. Siku chache za mwanzo anza kuvikunja na kuvinyoosha, mara kumi kwa kila duru, duru kadhaa kwa siku, hata kama panauma kiasi. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Nitawaambukiza watoto? — Msomaji, Bukoba

TB iliyo mkononi peke yake haiambukizi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono. Lakini kwanza makohozi yako yapimwe, uhakikishe mapafu hayamo, na walio nyumbani nao wachunguzwe, hasa wa chini ya miaka mitano.

Tunauza samaki. Mwenzetu alichomwa na mwiba wa sangara, mkono ukavimba miezi mitano. Ni TB? — Wauza samaki, Mwanza

Inaweza kuwa ndugu yake, Mycobacterium marinum, anayeishi majini na kwenye samaki na kuingia kwa mchubuko. Kwa hadubini na patholojia hufanana na kifua kikuu, lakini dawa zake ni nyingine, pirazinamidi haimfai. Mwenzenu amwambie daktari habari ya mwiba mwanzoni kabisa, na daktari aiandike kwenye fomu ya maabara, kwa sababu bakteria huyu huota vizuri kwenye nyuzi joto 30 hadi 32. Akioteshwa kwenye 37 tu, huweza asionekane.

Kwa wachinjaji na wanywao maziwa mabichi mtuhumiwa mwingine ni Mycobacterium bovis, bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Huyo kwa asili ni sugu kwa pirazinamidi, hivyo akithibitishwa, miezi sita haitoshi.