Maswali ya wasomaji: sola juu ya paa la Mji Mkongwe

SUALI: Asalaam alaykum. Sisi tunakaa Kiponda, nyumba ya ghorofa mbili ya marehemu babu. Miye nauza barafu na juisi, friza mbili mchana kutwa, umeme wa tukuza (wa kulipia kabla) unanimaliza, ndo nkasema ntie sola. Fundi keshanambia nilete pesa tu paneli nane zinapanda kesho, lakini jirani ananitisha ati ntakuja kuambiwa niteremshe. Kaka angu yuko London, yeye kapandisha zake na hakuomba ruhusa ya mtu. Kwani paa si letu wenyewe?
Mama Juisi, Kiponda

JIBU: Waalaykum salaam Bi Mkubwa. Paa lenu kweli (na warithi wenzio usiwasahau, kaa nao kwanza kabla fundi hajapanda), lakini Kiponda imo ndani ya eneo la hifadhi na humo hubadilishi sura ya jengo bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iwe mlango, dirisha au paa. Mamlaka hiyo ipo toka 1985, na toka 2000 mji wenyewe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hivo jirani yako hakutishi bure.

Huyo kaka yako nae hajasema uongo ila kakwambia nusu. Uingereza nyumba ya kawaida sheria yenyewe ishatoa ruhusa, mradi paneli zisiinuke zaidi ya sentimita 20 kutoka usawa wa paa na zisipite kilele chake. Nyumba ikiwa imesajiliwa kuwa ya kihistoria lazima uombe, tena wanakuchunguza kweli kweli. Kwa hivo yeye hakuomba kwa sababu ya nyumba anayokaa, si kwa sababu huko hakuna utaratibu.

Sasa ufanye nini. Piga picha paa lako ukiwa chini uchochoroni, alafu panda kwa jirani mwenye ghorofa ndefu upige na juu, chora paneli unataka zikae wapi, nenda navyo Mamlaka kabla hujatoa hata shilingi. Miye ningeomba upande unaotazama ua wa ndani, paneli zilale na bati lenyewe, zisisimamishwe kwa miguu ya chuma kama tangazo la biashara. Kwetu paneli bora zielekee kaskazini, yaani kibla, na mlalo wa digrii kumi unatosha, mvua inaosha vumbi yenyewe. Lakini upande wa ndani ukiwa wa kusini usikate tamaa, sisi tuko digrii sita tu kutoka ikweta, na Disemba jua lenyewe linapita kusini, hasara yake ndogo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huyo fundi wa kesho. Paneli kubwa moja ni kama kilo 20 mpaka 25, nane hizo unakaribia kilo 200, na hapo hujahesabu upepo wa kusi unaoingia chini yake ukataka kuzing'oa. Mbao za paa la babu nani kazikagua? Apande na bisibisi azichome moja moja, ikizama kama kwenye boflo ujue mchwa keshakula. Alafu angalia matundu: kila skrubu iwe na mpira wake, mana tundu moja likivuja maji yanateremka kwenye ukuta wa mawe na chokaa, chokaa inanyonya, miezi michache plasta inavimba na kuanguka vipande vipande, na we unafikiri ni unyevu wa bahari tu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, hewa yetu ya chumvi haina huruma.

Na kama unataka kuunganisha na umeme wa ZECO waambie wenyewe kabla, usiunge kimyakimya. Fundi wao akiwa juu ya nguzo anaamini laini imekufa, kumbe umeme unatoka kwako.

SUALI: Miye niko Wete, nyumba yangu mwenyewe, hakuna wa kuniuliza. Nikitia sola bila betri, siku kebo ya umeme inayotoka Tanga ikileta matatizo si nabaki na taa?
Msomaji wa Pemba

JIBU: Hubaki nayo ndugu yangu. Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) nyingi za kuungana na gridi, yaani laini za umeme wa shirika, zinajizima zenyewe umeme ukikatika, kwa sababu hiyo hiyo ya fundi wa nguzoni, jua liwake vipi nyumba iko giza. Pemba inapata umeme wa kebo ya baharini toka 2010, na Unguja wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Disemba 2009, kwa hivo suali lako la maana sana. Nunua inveta ya kufanya kazi na betri, anza na taa, feni na simu, friji baadae. Alafu kabla hujalipa mwambie fundi azime swichi kuu mbele yako, uone taa kama zinabaki.