Kwa mliopangiwa Dodoma: mtu akiitikia, usidhani amekubali

Wadogo zangu mliopata barua za kupangiwa kituo Dodoma, hongereni. Siku za mwanzo mtaelekezwa mengi: fomu za mshahara, faili, kitambulisho, barua inapita kwa nani kabla ya kusainiwa. Hakuna atakayewaelekeza namna ya kuongea na mwenzako wa meza ya pili, na dereva, na mpangaji wa chumba cha jirani, na yule mzee wa Chamwino aliyekusikiliza nusu saa akitikisa kichwa, halafu kesho yake asifanye hata kimoja ulichosema.

Mimi ni dada yenu wa maendeleo ya jamii, kazi yangu ni kata na vijiji. Nimeona vijana wenye shahada nzuri wakikwama hapo, na si kwamba hawana ulimi. Wengi wanaongea vizuri mno. Wanakwama kwa kuwa wanaamini kila "sawa" wanayopewa.

Kumkatalia mgeni mbele ya watu ni kumwaibisha. Hilo si la Wagogo, wenyeji wa huku, peke yao, lakini utalikuta kwa wingi, hasa kwa wazee. Kwa hiyo ukisimama na kueleza mpango wako utajibiwa "tumesikia," "tutajitahidi," "Mungu akipenda." Kijana anarudi ofisini anaandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameridhia. Siku ya utekelezaji anakuta wazee wachache na watoto waliokuja kuangalia gari. Anakasirika, anasema watu hawa ni wagumu. Watu si wagumu, walimjibu kwa adabu naye hakusikia jibu.

Sasa ufanyeje? Kwanza acha kuuliza "Mmenielewa?" na "Mmekubali?" Maswali hayo yana jibu moja tu la heshima, na umeshalipewa kabla hujauliza. Uliza swali linalomlazimu mtu atumie maneno yake: "Hili likianza wiki ijayo, ni nani litamtatiza zaidi?" Au: "Mlishawahi kuletewa jambo kama hili? Liliishaje?" Hapo umefungua mlango wa mtu kukataa bila kukukataa wewe.

Kisha nyamaza. Hii ndiyo ngumu. Ukimya ukizidi kidogo, kijana anaogopa, anarukia kujibu swali lake mwenyewe. Subiri. Mzee ataanza mbali, ataongelea mvua, ng'ombe wa jirani, barabara iliyokatika. Usimkatize kwa "twende kwenye mada." Mara nyingi ameshaingia kwenye mada, ila anapita njia ya nyuma. Akikwambia habari za mvua mwezi Januari, pengine anakueleza kwamba umeitisha mkutano asubuhi wakati watu wako mashambani. Mvua za huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na palizi haimsubiri ofisa.

Tena, kikao chenyewe si lazima kiwe pale ulipopanga viti. Mkutano mkuu wa kijiji una taratibu zake, una mwenyekiti na mtendaji wa kuandika muhtasari, na wanaosema ni walewale. Maneno yenyewe utayapata watu wakiwa wanatawanyika. Kwa hiyo usikimbilie pikipiki. Tembea nao taratibu, beba hata kiti. Hapo ndipo mama aliyekaa nyuma kabisa atakwambia kwamba kikundi chao kimeomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, lakini yeye na wenzake hawajui mwenyekiti wao ameomba kiasi gani. Mbele ya mwenyekiti huyo alisema "sawa" kama wengine. Angesema nini?

Salamu nitazipitia haraka maana mmelelewa. Jambo moja tu ndilo huwasumbua walioajiriwa wakiwa wadogo: umekuwa mkuu wa kitengo una miaka 28, dereva wako ana 55. Mwamkie. Cheo chako hakipungui kwa shikamoo, ila ukimsubiri yeye akuanze, ofisi nzima imeshaona. Kijijini jifunze kusema "mbukwa" kwa mtu mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi. Watacheka, watakurekebisha matamshi, na kucheka huko kumeshafanya nusu ya kazi. Usiishie hapo, maana kuna wanaotupa "mbukwenyi" moja kwenye kipaza sauti halafu wakasahau kuuliza hali ya mavuno.

Utani nao nitauongelea zaidi, kwa sababu ndio unaoharibu. Utakuja na vichekesho ulivyovikuta mtaani kuhusu Wagogo na kuombaomba. Mwenzako wa ofisini ambaye ni Mgogo atacheka. Hiyo nayo ni "sawa" ya heshima. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kutoka Ugogo, kisha mvua ikagoma. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, ina jina lake mpaka leo, Mtunya, na iliua watu wengi sana. Ukichekea ombaomba, huenda unamchekea mtu ambaye familia yake ilipita humo. Utani wa makabila ni urithi wenye mipaka, una watu wake, na kati ya watani wenyewe kuna wajibu: wanaotaniana ndio hao hao wanaokuja kushika jembe msibani. Kama hujui kama wewe ni mtani, wewe si mtani. Taniana kuhusu Simba na Yanga, inatosha kabisa.

Sasa mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini msukumo mkubwa wa serikali kuhamia ulianza 2016. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu zaidi ya 410,000, ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Maana yake, karibu kila utakayekutana naye Mtumba, Kisasa au Nzuguni ni mgeni kama wewe, na wengi wameacha familia Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Ijumaa jioni anawaza safari, na tangu treni ya umeme ianze kufika hapa 2024 ndiyo kabisa, wikendi zinapwaya. Urafiki wa Dodoma hujengwa Jumatatu hadi Alhamisi. Usisubiri Jumamosi ukadhani watu wanakukwepa. Jumatatu muulize mwenzako nyumbani amewaachaje, na ukumbuke alichokwambia. Aliyesema mtoto ana mtihani, wiki ijayo muulize mtihani. Kukumbuka kunazidi maneno matamu, na hakuhitaji kipaji. Wale wenye aibu, walioniuliza waanzie wapi, waanzie hapo, au kwa mama lishe wanayekula kwake kila siku: jina lake, kwao wapi, basi.

Nyumbani ndiko ugomvi wa kweli uliko, na jina lake ni LUKU. Nyumba nyingi za vyumba vya kupanga zina mita moja, wapangaji mnachanga. Mmoja ana friji, mwingine anapigia pasi nguo za wiki nzima, na wewe una taa na simu. Kila mtu ananung'unika, hakuna anayesema. Siku umeme unakatika saa mbili usiku, kila mlango unafungwa kimya kama hakuna mtu.

Kuna njia mbili zinazotumika sana na zote mbovu. Ya kwanza ni kupeleka maneno kwa mwenye nyumba. Ya pili ni kuandika fumbo kwenye kundi la wapangaji, "kuna watu wanajijua," na kila mtu akajijua isipokuwa mhusika. Mfuate mwenyewe, akiwa peke yake, mchana, wakati umeme upo. Umeme ukiwepo hakuna mwenye hasira. Sema kitu kinachoonekana, usiseme tabia yake: "Dada, samahani, naomba tuongee kidogo kuhusu umeme. Mwezi uliopita tulinunua mara nne, mara tatu nikanunua mimi. Mimi sina friji. Unaonaje tukipanga upya?" Hapo hujamwita mbahili. Halafu, nikirudi kwenye lile lile, akijibu haraka "sawa, hakuna shida," usiondoke. Muulize, "Wewe ungependa tuwe tunagawanaje?" Akitaja kiasi mwenyewe, atakilipa. Ukikitaja wewe akaitikia, mwezi ujao mtarudi palepale.

Akikukasirikia? Mwache apoe, na asubuhi msalimie kama kawaida. Watu wengi huharibu hapo kwenye salamu ya asubuhi, si kwenye ugomvi wenyewe.

Kuhusu simu, nina kero yangu na nitaisema. Ujumbe wa "Habari" peke yake, halafu kimya, mpaka ujibu "nzuri," ndipo shida ije. Mtu yuko kwenye kikao, akiona "Habari" anajua kuna kitu, hajui kitu gani, anaahirisha kujibu, na wewe unadhani amekudharau. Weka salamu na haja pamoja, na umwachie nafasi ya kukataa: "Shikamoo mzee. Ni mimi mgeni wa idara ya maji, tulionana Jumanne kwenye kikao cha vikundi. Naomba kujua kama muhtasari umeshasainiwa. Kama bado, niambie siku inayofaa nipite." Jambo la lawama usiliandike, piga au nenda. Maandishi hayana sauti, na atakayeyasoma atayasoma kwa sauti aliyoamka nayo.

Limebaki la nyinyi wenyewe kutoa hiyo "sawa." Mshahara wa kwanza ukiingia, simu zitakuja. Mjomba, mwanachuo mwenzako, mtu wa kijijini. Kijana anasema "nitaangalia," anajua hana, na yule anaanza kuhesabu. Baada ya wiki mbili kijana hapokei tena simu yake. Sema siku hiyo hiyo: "Kaka, laki moja ya kukopesha sina. Ninayo elfu kumi, chukua, na usiirudishe." Atanuna kidogo. Lakini ataendelea kupokea simu yako, na wewe yake.

Michango ya harusi ni hivyo hivyo, na Dodoma ya watumishi ina harusi nyingi. Utaunganishwa kwenye kundi bila kuulizwa. Ukiandika ahadi ya elfu hamsini, mweka hazina ameshaiingiza kwenye gharama za ukumbi. Kama huna, mpigie mwenye harusi kabla ya kikao cha kwanza, umwambie wazi, kisha umuulize kazi gani ya mikono imekosa mtu: kupokea wageni wanaoshuka stendi ya Nanenane usiku, kukaa na vinywaji, kurudisha viti asubuhi. Kamati huwa na wachangiaji wa kutosha kwenye orodha. Wa kurudisha viti ndio hawapatikani, na ukijitolea utaitwa kwa jina lako kwenye kikao kinachofuata.