Treni za sumaku: kasi ipo, shida ni njia

Umeuliza kwa nini treni za sumaku, zinazoelea juu ya njia kwa nguvu ya sumaku, hazijaenea wakati zinapita kilomita 600 kwa saa. Kasi kweli ipo: Aprili 2015 treni ya L0 ya Japani ilifika kilomita 603. Kinachokwamisha ni njia yenyewe. Mota haiko ndani ya treni. Koili zake (nyaya za umeme zilizozungushwa) zimepangwa kwenye njia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila kilomita unailipia mota, hata pale panapopita treni chache.

Treni ya sumaku ya Shanghai, China, huelea milimita 10 hivi tu. Ardhi ikititia kidogo, lazima mihimili ya njia irekebishwe. Ya Japani huelea sentimita 10, lakini sumaku zake hupozwa kwa heliamu kimiminika hadi nyuzi -269 za Selsiasi, na chini ya kama kilomita 150 kwa saa hutembea kwa magurudumu ya mpira, maana mwendo ndio unaozalisha nguvu ya kuinua.

Kibiashara, kwangu pigo kubwa ni hili: treni ya sumaku haiwezi kuingia kwenye reli ya kawaida. Treni ya kasi ya Ufaransa huingia mjini kwa reli ya zamani. Hii ya Shanghai, yenye kilomita 30, inaishia Longyang Road na abiria anahamia metro. Njia ya sumaku ambayo Japani inaijenga, Tokyo–Nagoya, ni kilomita 286, takriban asilimia 86 ni mahandaki, na makadirio ya gharama mwaka 2021 yalipandishwa hadi yen trilioni 7.04. Njia ya namna hiyo inahitaji miji mikubwa sana, yenye abiria wengi kila siku.