Kubanwa na mkojo uzeeni: ubongo bado unafundishika

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba haendi tena kwenye shughuli za watu kwa sababu ya mkojo. Amepita miaka 60, akibanwa hawezi kusubiri, na alipokwenda kutibiwa akaambiwa, "Ni umri tu, mama." Nimeumia kusoma. Nami niliambiwa hivyohivyo na daktari ambaye hata macho hakuinua, na mpaka leo neno lile linanichoma.

Umri una sehemu yake, sikatai. Lakini kibofu hakijiamulii. Kikifikisha kama mililita 150 hadi 200, neva za ukutani mwake hupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Shina la ubongo ndilo hutoa amri: kibofu kijikaze, misuli ya kufunga ilegee. Sehemu ya mbele ya ubongo huizuia amri hiyo mpaka ufike msalani. Mtoto mchanga bado hajawa na kizuizi hicho, ndiyo maana hujikojolea. Tukizeeka kizuizi hulegea, na kibofu huweza kujikaza kabla hakijajaa.

Nilipoelewa hayo nikaacha kukimbia. Nikibanwa nasimama palepale, nabana misuli ya chini ya nyonga harakaharaka mara kadhaa, kama mtu anayekata mkojo. Kule kubana hukituliza kibofu kwa njia ya neva. Hamu hupanda, kisha hushuka. Ikishuka ndipo naenda, kwa mwendo wangu. Kila nilipozoea nikasogeza mbele muda wa kwenda msalani kwa robo saa. Ilichukua miezi, lakini sasa nakaa kikao kizima bila kuutazama mlango, na ninajivunia hilo.

Basi ndugu zangu, acheni kwenda chooni kila mara eti msije mkabanwa. Kibofu kisichopewa nafasi ya kujaa huzoea kudai mapema. Msijinyime maji pia, kwa sababu mkojo mzito hukichokoza. Chai na kahawa punguzeni, hasa jioni. Na msikubali kuitwa wazee kabla ya kupimwa: mkojo, sukari, na kwa wanaume tezi dume. Damu kwenye mkojo haisubiri mazoezi. Mkojo ukigoma kutoka, au ukipata ganzi ghafla sehemu za siri, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo.