Laki 9 na hisa, au milioni 1.6 bila hisa? Mimi nilishapita hapo

Mkuu, umeuliza uchukue ipi: mshahara wa laki 9 kwa mwezi na hisa 5,000 za startapu (kampuni changa) ya Dar huku ukifanyia kazi hapahapa Kigoma, au milioni 1.6 bila hisa kwenye kampuni ya kawaida. Umesema pia unadaiwa na Bodi ya Mikopo. Mimi niko Mwanga, hapahapa Kigoma, huu mwaka wa tisa naandika programu, na njia hiyo nimeipita.

Anza na hela inayofika mkononi. Kwenye milioni 1.6, toa NSSF (akiba ya uzeeni) 160,000, PAYE (kodi ya mshahara) 260,000, Bodi 240,000 (ile asilimia 15 yao). Unabaki na 940,000. Kwenye laki 9, toa 90,000, toa 80,500, toa 135,000, unabaki na 594,500. Tofauti ni 345,500 kwa mwezi, au 4,146,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei ya hizo hisa. Usiseme umepewa, unazinunua kila mwisho wa mwezi, ila slipu haiandiki.

Sasa, 5,000 kati ya ngapi? Hukusema, na nahisi hukuuliza. Kama kampuni ina hisa milioni 1, una asilimia 0.5. Kama ina milioni 10, una 0.05. Kwa kawaida hisa hukomaa kwa miaka 4, yaani zinakuwa zako kidogo kidogo, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha hupati hata moja. Kwa miaka hiyo 4 utakuwa umeacha 16,584,000. Ili zirudi tu, kampuni yenye hisa milioni 1 inatakiwa iuzwe kwa bilioni 3.3 hivi. Ile ya hisa milioni 10, bilioni 33. Na hapo bado hawajaleta wawekezaji wapya, maana wakija zinachapwa hisa mpya na fungu lako linapungua.

Halafu kuna foleni ya kulipwa kampuni ikiuzwa. Mjomba wangu alikuwa na kipe, chombo cha kuvulia dagaa, pale Kibirizi. Wakirudi na dagaa asubuhi, hakuna aliyegusa hela kabla ya kutoa mafuta ya injini na ya karabai. Kikabaki kiasi, mwenye chombo anachukua lake, ndipo wavuvi wanagawana. Usiku wa dagaa wengi kila mtu alicheka. Mbalamwezi ikikaribia, mafuta yalimeza yote na mvuvi akarudi nyumbani na dagaa wa mboga tu. Wawekezaji ndio mafuta: mara nyingi mkataba wao unasema kampuni ikiuzwa wanarudishiwa walichoweka kwanza. Kampuni iliyochukua bilioni 2 ikauzwa kwa bilioni 2, wewe wa 0.5 unapata sifuri, na gazeti litaandika imeuzwa kwa mabilioni.

Yangu ilikuwa hivi. Niliahidiwa hisa 8,000 kwa simu, karatasi ikaja baada ya miezi 7. Nilipoisoma vizuri nikakuta si hisa, ni opsheni: haki ya kununua kwa shilingi 600 kila moja. Niliondoka baada ya miaka miwili na nusu, 5,000 zimekomaa. Nikapewa siku 90 kulipa milioni 3, la sivyo zinafutika. Mke alikuwa amejifungua na nilikuwa nalipa kodi ya nyumba ya miezi 6. Nikaziacha. Kampuni ikafunga miaka miwili baadaye, na jamaa zangu wananisifia eti niliona mbali. Sikuona mbali, sikuwa na hela.

Kwa hiyo waandikie, usipige simu, ujibiwe kwa maandishi. Jumla ya hisa ni ngapi, ukihesabu na zilizoahidiwa wengine? Ni hisa au opsheni, na bei ya kununulia ni ipi? Ukiondoka una siku ngapi? Wawekezaji wameweka kiasi gani, na wanarudishiwa kwanza? Na la mwisho ambalo wengi hawaliulizi: ni hisa za kampuni gani? Startapu nyingi za huku zina kampuni mama iliyosajiliwa Delaware, Marekani, na ile unayoiona BRELA (wanakosajili kampuni hapa kwetu) ni kampuni tanzu tu, inayomilikiwa na mama. Hisa za kampuni tanzu hazina maana kama anayeuzwa ni mama.

Wapo waliofaidika na hisa, siwezi kukataa, na kama mwenye kampuni anakujibu yote haya bila kununa hiyo peke yake ni dalili nzuri. Jaribu pia kuwaomba milioni 1.2 na hisa 3,000, mara nyingi hisa huwa rahisi kwao kutoa kuliko hela, lakini hawakufukuzi kwa kuuliza.

Wakijibu, yaweke hapa tupige hesabu. Wakikataa kutaja jumla ya hisa, chukua milioni 1.6 umalizane na Bodi.