Kwa wapendwa wapya wa timu ya nyumba kwa nyumba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mchungaji ameniomba niseme nanyi kidogo kabla hamjatoka kwa mara ya kwanza, kwa kuwa kazi hii nimeifanya miaka 12 sasa, huku Mbagala na mitaa ya jirani. Nitaanza na aibu yangu, ili hata nikikosea mengine mjue nilikuwa mkweli.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa na wiki ya injili. Kila mmoja alipewa fomu: jina, simu, mtaa, na mwisho kabisa kisanduku cha "ameokoka". Jumatano, saa moja kasoro asubuhi, nikamkuta mama mmoja anapika vitumbua barazani kwake. Watoto wa shule wamejipanga, sarafu mkononi. Mimi nikaona hapa ndipo Mungu amenileta. Nikafungua Warumi 3:23, nikaenda 6:23, nikafika 10:9 bila kituo, kama basi la mikoani. Mama alikuwa anamimina uji wa mchele kwenye chuma, anageuza, anatoa chenji, anaitika "ndiyo, ndiyo mwanangu". Nikamwambia afuate sala ya toba. Akaifuata, macho kwenye chuma. Nikatia tiki.

Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa nikasoma: waliookoka, 9. Wakapiga makofi. Mama wa vitumbua alikuwa namba 4.

Baada ya miezi miwili nikampitia kwa bahati, maana kusema kweli sikuwa nimepanga kumrudia. Nikamsalimia kwa furaha, "Shikamoo mama, vipi wokovu?" Akanitazama akacheka. "Marahaba. Mwanangu, siku ile nilikuitikia ili uondoke. Vilikuwa vinaungua."

Hilo ndilo nililotaka mlisikie leo kuliko yote. Kumtafuta aliyepotea si kumfikia mara moja, ni kumrudia. Yule mchungaji wa Luka 15 alimfuata kondoo mpaka akamwona, na alipomwona alimbeba mabegani hadi nyumbani. Sisi wengi tunamwona kondoo, tunaandika namba yake, tunamwacha palepale porini.

Kwa hiyo mtaona daftari letu la sasa halina kisanduku cha "ameokoka". Lina nafasi sita za tarehe. Kila ukimtembelea mtu, andika tarehe na neno moja alilokuambia yeye, si ulilomwambia wewe. "Mtoto anakohoa." "Amehamia chumba cha nyuma." "Mume yuko safarini." Mkipita mara ya pili, mnaanzia hapo. Mtu akiona umekumbuka kikohozi cha mtoto wake anakusogezea kigoda mwenyewe.

Kuhusu makofi na hesabu, someni habari za wale waliotutangulia pwani hii. Krapf, mmisionari kutoka Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mke wake Rosine na mtoto mchanga. Rebmann, mmisionari mwenzake, akamfuata mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai, karibu na Mombasa. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu. Kwa miaka mingi waliompokea Kristo walihesabika kwa vidole. Mmoja wa wale wa mwanzo kabisa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa mgonjwa na kufa muda mfupi baadaye. Kwa fomu zetu za wiki ya injili, wazee wale wangeitwa ofisini kujieleza.

Sasa mambo ya njiani. Tunatoka wawili wawili, kama ilivyo Marko 6:7, na hilo halina mjadala. Kijana wa kiume haingii ndani kwa dada aliye peke yake, hata akikaribishwa kwa chai. Kaeni barazani, mlango ukiwa wazi. Piga hodi mara tatu, kimya, ondoka. Msichungulie dirishani. Nacheka, lakini limetokea.

Saa ya kwenda ni jambo zito kuliko mnavyodhani. Mama akiwa jikoni au anafua, ama mshike ndoo mmsaidie au mrudi baadaye. Vijana wa bodaboda wasemesheni wakiwa hawana abiria, na abiria akija, katisheni sentensi hata kama mmefika msalabani. Mkimkosesha mtu hela ya kula, injili yenu imekuwa hasara kwake.

Nyumba nyingi mtakazoingia ni za Waislamu. Semeni wazi mmetoka wapi. Akisema hapendi kuzungumza dini, mshukuru, muulize hali, aga. Akipenda kuzungumza, zungumza habari za Yesu unayemjua. Usiguse Mtume wake wala kitabu chake. Ramadhani msipite karibu na saa ya futari. Nimewahi kushiriki mihadhara ya kushindana kwa maandiko nilipokuwa kijana, na tulikuwa hodari kweli. Sijamwona hata mmoja aliyeshindwa hoja akaja kanisani. Niliowaona wakija walikuja kwa sababu jirani yao Mkristo alikesha nao msibani.

Tunapokwenda hospitali tunaanza kwa muuguzi wa zamu. Akisema si wakati, si wakati. Ombeni kwa sauti ya chini. Kitanda cha pili kuna mtu hajalala tangu jana. Na sikilizeni hili kwa masikio yote mawili: hakuna kati yenu atakayemwambia mgonjwa aache dawa. Iwe ya presha, iwe ya kifua kikuu, iwe ARV. Nilikuwa na rafiki aliyeambiwa na mhubiri mmoja kwamba kumeza vidonge ni kukosa imani. Akavificha chini ya godoro. Tulivikuta tulipokuwa tunatoa vyombo kupisha matanga. Mungu anaponya, naamini na nimeona, na aliyepona ataambiwa hivyo na daktari wake.

Mtaombwa hela ya unga. Msimjibu mtu kwa sala peke yake. Yakobo alishalikemea hilo. Lakini msitoe mfukoni siku ya kwanza, maana kesho mtapokewa kama benki. Leteni jina kwa wazee wa kanisa siku hiyohiyo, na mrudi na jibu, hata kama jibu ni hapana.

Na mkikosa pa kuanzia, ulizeni swali. Filipo katika Matendo 8 alimkimbilia Mkushi mwenye gari lake, neno la kwanza likawa swali kama anaelewa anachosoma. Hakupanda mpaka aliposihiwa. Mimi Jumatano ile nilipanda gari la mama bila kusihiwa, nikashika na usukani.

Nilimrudia, mkitaka kujua. Nikawa nanunua vitumbua viwili, nakaa, naondoka. Mara ya tano au ya sita, chuma kikiwa kimepoa, aliniuliza kama mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa Mungu anamjua jina. Sikuwa na mstari niliokariri kwa hilo. Tulikaa mpaka jua likafika barazani, na nyingi ya saa hizo alizungumza yeye.

Jumamosi tunakutana saa tatu kamili mlangoni pa kanisa. Vaeni viatu vilivyofunga, kule bondeni mvua imeacha tope. Kalamu mje nazo, madaftari yapo.