Anakosa jibu kwa moja tu: nimkataze kuhesabu vidole?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 7. Kwenye karatasi anajumlisha na kutoa vizuri, lakini nikimuuliza kwa mdomo anakimbilia vidole, na mara nyingi jibu lake linapungua au linazidi kwa moja. Nikiuliza 8 na 5 anasema 12. 13 toa 5 anasema 9. Nimemwekea kwenye simu programu ya hesabu inayohesabu sekunde, sasa akiiona tu analia. Nimkataze vidole? Na mazoezi ya hesabu za kichwa yawe kiasi gani kwa siku?

JIBU: Marahaba. Umenisaidia sana kwa kutaja majibu yenyewe, maana wazazi wengi huniandikia tu kwamba "mtoto hajui hesabu", nami nabaki kubahatisha.

Anayesema 12 kwa 8 na 5 hakukisia. Ameinua vidole vitano huku akitaja "nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili". Nane alikuwa nayo tayari, naye ameihesabu tena. Kwenye kutoa ni kosa lilelile limegeuka: "kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja, kumi, tisa", vidole vitano vimeisha, jibu 9. Mwombe leo ahesabu kwa sauti, umsikilize. Kama ndivyo, vidole havina hatia; tatizo ni pale anapoanzia. Mwambie aguse kichwa anapotaja "nane", kwamba hiyo imeshawekwa, kisha kidole cha kwanza kiinuke kwa "tisa". Kosa hili mara nyingi huisha ndani ya siku chache.

Kwa hiyo usimkataze. Ukimkataza atavificha chini ya meza, nawe hutaona tena anapokosea. Mtoto huacha vidole mwenyewe akipata njia inayovishinda kwa wepesi, na kazi yako ni kumpa njia hiyo.

Anzia kwenye jozi za kumi: 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5. Ni tano tu, lakini ndizo zinazobeba hesabu za kichwa za miaka yake yote ya mwanzo. Chukua vifungo 10, vitandaze mbele yake, afumbe macho, ufunike baadhi kwa kiganja. Akifumbua anaona 6. Vilivyofichwa ni vingapi? Kisha mbadilishane, yeye afiche, wewe ujibu, na mara mojamoja ukosee makusudi ili akurekebishe (hapo ndipo watoto hufurahi kuliko popote). Endelea hadi jibu litoke bila kuhesabu.

Akizishika, 8 na 5 haihitaji tena vidole: 8 inadai 2 ifike kumi, 5 ikitoa 2 inabaki na 3. Kumi na tatu. Hapa lugha yetu inamsaidia mtoto, kwa sababu jibu limejitaja lenyewe, kumi *na* tatu. Mbele kidogo msaada huo unakatika. Ndani ya "ishirini" husikii mbili, ndani ya "thelathini" husikii tatu, wala "themanini" haikumbushi nane. Mtoto anayejua vizuri kwamba 3 na 4 ni 7 anaweza kukwama kabisa kwa thelathini na arobaini. Mimi huwaacha kwa muda waseme "makumi matatu na makumi manne ni makumi saba", kisha ndipo turudi kwenye "sabini".

Pengine unajiuliza kuna mangapi ya kukariri. Ukijumlisha namba 1 hadi 9 mbilimbili unapata maswali 81. Lakini 3 na 8 ni sawa na 8 na 3, hivyo yanabaki 45. Kati ya hayo, 25 hayavuki kumi, na mtoto wa miaka 7 mengi ameshayazoea. Yanabaki 20. Yenye 9 ndani yake ni 8, na hayo yana njia yake: ongeza kumi, rudi nyuma moja. Ondoa pia namba pacha, 6 na 6, 7 na 7, 8 na 8, ambazo watoto huzishika mapema kama wimbo. Sasa ni 9. Matatu kati ya hayo ni majirani wa pacha: anayejua 6 na 6 ni 12 anaongeza moja tu kwa 6 na 7, na vivyo hivyo 5 na 6, 7 na 8. Yaliyosalia kabisa ni sita: 8 pamoja na 3, 4, 5 au 6, na 7 pamoja na 4 au 5. Haya ndiyo ya kumrudishia mara kwa mara, na yote yanapita njia ya kumi.

Kuhusu kuweza kwenye karatasi na kushindwa kichwani, inaelekea anajaribu kuichora karatasi akilini. Kwa 34 na 28 anaanza na mamoja, anapata 12, anaacha 2, anabeba 1, na akifika kwenye makumi ile 2 imeshapotea. Kichwa cha mtoto hakishiki vitu vingi kwa pamoja. Mfundishe kuanzia upande mkubwa: 30 na 20 ni 50, 4 na 8 ni 12, jumla 62. Mwingine ataona ni rahisi zaidi kusema 34 na 30 ni 64, toa 2. Zote ni sawa. Muulize "umepataje?" hata akipata, la sivyo atajifunza kwamba swali hilo maana yake amekosa.

Muda: dakika 5 hadi 10 kila siku zinatosha, na zinashinda saa nzima ya mwisho wa wiki. Maswali mengi yawe anayoyaweza, machache tu yamsumbue. Kuzidisha kusubiri hadi kuvuka kumi kuwe kwepesi.

Ile programu, zima saa yake. Kama haizimiki, ifute. Hofu inakalia nafasi ileile kichwani inayotakiwa kushika namba, ndiyo maana mtoto anayejua hujikuta hajui. Wepesi utakuja wenyewe jozi zikishazoeleka.

Ningekushauri uonane na mwalimu wake wa darasa kama, baada ya miezi miwili au mitatu ya mazoezi haya, angekuwa bado anaanza kuhesabu kutoka moja kwa kila swali, au anahesabu mojamoja nukta tatu za dadu badala ya kuzitambua kwa kuzitazama tu. Kwa ulivyoeleza, binti yako anaanzia nane. Hatua hiyo ameshaivuka.